Kengele Haisikiki Ziwani

Siku mliponikatia keki pale kantini, mmoja wenu wa idara ya ununuzi, kijana ambaye ni mdogo kuliko kitindamimba wangu, aliniuliza swali nikashindwa kulijibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. "Mama Consolata, umekaa hapa miaka yote hii. Hebu tuambie, kampuni ni kitu gani hasa?" Mkacheka, nami nikacheka. Lakini tangu nistaafu hakuna kengele inayoniamsha, na mtu asiye na kengele huwaza sana. Niko hapa nyumbani Kisian, ziwa naliona kupitia dirisha la jikoni, na swali lile bado linanizunguka. Basi naandika jibu langu kwa ajili yenu mliobaki kazini. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao nitauruka, maana ulipokua watoto nao walikuwa wamekua, wakaumaliza.

Kwanza mjue nilikotoka. Mama yangu aliuza samaki kando ya barabara pale Otonglo, na mimi nilikulia chini ya meza yake. Kila kitu pale kilikuwa na bei yake na ubishi wake. Mwenye mkokoteni alibishana na mama kabla hajashusha kikapu. Mwenye barafu alibishana. Wa kupaa magamba alitaka chake, wa kukaanga alitaka chake, na hata aliyetuchungia meza mama alipoenda msalani alitaka kichwa cha samaki. Mbuta mmoja, sangara wa ziwa letu, alifika kwenye sufuria ya mteja akiwa amegombaniwa na watu wengi kuliko miiba yake. Nilidhani dunia yote inaendeshwa hivyo.

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilipewa gambuti kubwa kuliko miguu yangu, aproni nyeupe, kofia ya kufunika nywele, na kisu chembamba cha kukata fileti. Chumba kilikuwa na baridi mpaka meno yaligongana. Kengele ikalia, na wanawake waliojipanga pande mbili za meza ndefu wakaanza kukata kwa pamoja. Aliyenifundisha ni Mama Penina, kiongozi wa meza yetu, mwanamke mfupi wa Nyalenda mwenye sauti ya kwaya na mkono mwepesi. Alinionyesha pa kuingizia kisu, nyuma ya shavu la samaki, na namna ya kukilaza kifuate uti wa mgongo badala ya kupigana nao. Kabla ya saa ya chai kisu changu kilikuwa butu. Pembeni alikuwako mwanamume mwenye jiwe la kunolea. Nikamwendea nikamwuliza, kama nilivyolelewa, kunoa ni bei gani, na kama atanipunguzia kwa kuwa leo ndiyo siku yangu ya kwanza.

Yule mwanamume alimtazama Mama Penina. Mama Penina alicheka mpaka akashika meza.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hapa ndani hakuna bei. Bei iko huko nje ya geti. Hapa iko mimi na kengele."

Nilirudi mahali pangu na kisu kikali ambacho sikukilipia hata senti, nikaanza kutazama. Samaki aliingia upande mmoja akiwa mzima na macho yake, akapita kwa wa kukata, wa kuchuna ngozi, wa kutoa miiba, wa kupima, wa kufunga, akatokea upande wa pili akiwa ndani ya boksi, na katika safari hiyo yote hakuna aliyemwuliza mwenzake "utanipa ngapi?" Watu ambao hawakuwa ndugu, na wengine nilikuja kujua kwamba hawakupendana hata kidogo, walipitishiana samaki bila neno. Nilisimama mdomo wazi. Nilikuwa nimeona ziwa likiwa na hasira na nimeona askofu akiingia Kisumu kwa msafara, lakini hakuna kilichokuwa kimenishangaza namna ile. Ilibidi Mama Penina aniguse bega ili niendelee kukata.

Mshangao wa pili ulinipata kwenye geti la nyuma. Mnawajua wanawake wanaokuja kununua mifupa ile iliyobaki na nyama kidogo, tunayoiita mgongo wazi, wakaikaange mitaani. Kiwanda kina moto, kina uwezo wa kununua mafuta, kina watu. Kwa nini hakikaangi chenyewe? Nilimwuliza Mama Penina siku moja tukinawa mikono. Akaniambia kila mmoja wa wale wanawake ana kona yake na wateja wake anaowajua kwa majina, anajua nani atalipa leo na nani hatalipa mpaka mwisho wa mwezi.

"Sasa utaweka meneja kwa kila karai?" aliuliza.

Tangu siku hiyo sikuutazama ukuta wa kiwanda kwa macho yale ya zamani. Fundi aliujenga, sawa, lakini kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikisema hapa ndani watu waamriwe, na pale nje wapatane bei. Nasikia vyuoni kuna vitabu vizima juu ya jambo hilo. Mimi nililisoma nikiwa nimevaa gambuti.

Baadaye nilitolewa mezani nikapelekwa mapokezi, kisha nikatumwa ufukweni kununua. Kwa mlio wapya katika kazi hiyo, kumbukeni hili: macho ya mbuta yanaweza kukudanganya, mashavu hayawezi. Inua shavu. Ukiona wekundu wa damu mbichi, nunua. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, msalimie mwenye samaki kwa heshima, uliza habari za nyumbani, kisha uende zako. Na usivae viatu vizuri.

Huko ndiko nilikojuana na Mzee Kariuki. Alikuwa ametoka Murang'a akiwa kijana, akafungua duka la vipuri Kondele, kisha akanunua lori. Lori hilo lilitubebea samaki kutoka ufuo mmoja mbele kidogo ya Kisian hadi kiwandani, chini ya turubai na barafu iliyoyeyuka njiani. Wakubwa wakataka alijengee sanduku la kutunza baridi, lichomelewe kabisa mgongoni. Nikatumwa kumweleza. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa cha grisi.

"Mama, sikiza," akasema. "Hii lori leo inabeba simiti, kesho inabeba viazi, kesho kutwa inabeba watu ya harusi. Nikiichomelea hiyo sanduku, itabeba samaki yenu peke yake. Halafu siku moja mtaniambia, Mzee, bei imeshuka. Nitaenda wapi? Nitabeba bibi harusi kwa barafu?"

Ofisini walisema ni mkaidi. Mimi niliona ni mtu mwenye akili timamu. Akishajifunga kwetu namna ile, tungeweza kumkamua tunavyotaka, na hata kama sisi tusingemkamua, mkubwa atakayekuja baada yetu angemkamua. Na sisi nasi hatukutaka kununua lori letu, kwa sababu lori la kampuni huharibika mara mbili ya lori la mtu binafsi, na hakuna fundi aliyewahi kueleza kwa nini. Tulivutana msimu mzima, na samaki wakiharibika. Mwisho ni yeye mwenyewe aliyeniita Kondele kwa mchomeleaji, akanionyesha fremu iliyotobolewa matundu. Sanduku litakuwa la kampuni. Magurudumu yatakuwa ya Kariuki. Katikati, bolti. Siku tukigombana, kila mtu atafungua aondoke na chake.

Tulikunywa soda juu ya neno hilo, na sanduku halikufunguliwa miaka mingi. Mara nyingine, tukisubiri boti, nilienda nyuma ya lori nikaweka kidole juu ya moja ya zile bolti. Mpaka wa kampuni yetu ulipita pale pale, ungeweza kuugusa. Kariuki aliniona siku moja akaniuliza kama imelegea. Nikamwambia hapana, naisalimia tu.

Kisha akaja Mkurugenzi Okello. Wengi wenu mlimkuta, kwa hiyo nitasema kweli: alikuwa mtu mzuri mwenye haraka. Mwana wa Kisumu, amesoma mbali, analala kidogo. Wakati huo samaki walikuwa wamepungua na wanunuzi wameongezeka. Maajenti tuliowapa nyavu ili watuuzie sisi walikuwa wakimpa samaki yeyote aliyeongeza kidogo. Okello akakaa na kalamu, akaona dawa. Tununue boti zetu, tuajiri wavuvi wetu, na mbuta atakuwa wetu tangu akiwa majini. Niliunga mkono, maana hoja ilikuwa na miguu yake miwili. Boti zikaja, zikapakwa rangi ya buluu, zikapewa injini kubwa kuliko zote ufukweni. Nahodha mkuu nilimchagua mimi, Ouma, mwanamume mrefu asiyepayuka, ambaye baba yake aliwahi kuuza samaki kwa mama yangu.

Tuliwalipa mshahara wa mwezi kama watu wa mezani. Boti zikaanza kurudi mapema, zikiwa nyepesi. Ziwani hakuna msimamizi, na kengele ya Mama Penina haisikiki kule. Nilimwuliza Ouma kuna nini, naye hakunificha. "Mama, samaki ni ya kampuni. Usingizi ni yangu." Nikarudi kwa Okello nikamwambia tugawe kama ufuo unavyogawa tangu zamani: fungu la boti, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi, na samaki wa mboga kwa kila mtu kabla ya mzani. Alikuna kichwa, akakubali, na samaki wakaja. Baadaye alicheka akasema amenunua boti kumbe zimekuja na sheria zake ndani.

Hakujua bado. Sisi sote hatukujua.

Mwaka ule mteja wa ng'ambo aliagiza kontena zima la fileti. Okello alituita kantini akatueleza bila kuzunguka: kontena hili lisipojaa kwa tarehe yake, mteja anahamia nchi nyingine, na mteja huyo akihama, zamu ya pili inafungwa. Niliangalia upande wa zamu ya pili. Mama Penina alikuwa kiongozi wao wakati huo, magoti yameanza kumsumbua, analea wajukuu watatu kwa kisu kile kile. Alikuwa anakunja aproni yake, anaikunjua, anaikunja.

Wiki hiyo hiyo upepo ukapindua boti mbele ya ufuo wetu. Haikuwa boti yetu. Ilikuwa ya ajenti aliyeuzia washindani wetu. Wavuvi waliokuwamo waliogelea wakashika galoni tupu wakaokolewa, lakini mmoja, Otieno, baba wa watoto wawili wadogo, hakuonekana tena.

Ninyi mliolelewa mjini huenda hamjui desturi hii. Mtu akizama, hakuna wavu unaoingia majini mpaka ziwa limrudishe. Boti zinavutwa mchangani, na watu wanakaa chini wakingoja. Hakuna anayeandika tangazo. Hakuna faini ninayoijua.

Okello aliniita ofisini. Yeye ni mtoto wa ziwa, desturi anaijua vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana alizungumza akiangalia meza.

"Mama Consolata, hizo boti zingine si zetu, siwezi kuzisemesha. Lakini zetu ni zetu. Ouma na wenzake ni wafanyakazi kama wewe na mimi. Nenda uwaambie watoke, waende mbali, upande ule mwingine wa ghuba. Wasivue hapo mbele ya watu."

"Na wakikataa?"

"Mfanyakazi anakataaje kazi?"

Nikapanda lori la Kariuki, sanduku limejaa barafu. Njia nzima nilikuwa namwona Mama Penina akikunja aproni.

Mimi nimefika ule ufuo asubuhi zisizohesabika. Siku zote kuna kelele: injini, wachuuzi, wanawake wa omena, wale dagaa wadogo, wakigombea nafasi za kuanika, redio mbili zenye stesheni tofauti. Siku hiyo tulisikia mawimbi. Boti zote zilikuwa zimelala mchangani, pua zimeelekea nchi kavu, zetu za buluu, za maajenti wa washindani, za wajane waliokodisha, za yule mzee mlevi asiyemtii mtu yeyote. Nyavu zimekunjwa. Watu wamekaa kwenye nyasi wakitazama maji. Nilishuka kwenye lori, nikasimama. Kabla sijatolewa mezani nilimshikia Mama Penina kamba ya kengele kila alipokuwa mapumzikoni, na najua kazi ya kusimamisha meza moja tu: ukipiga, kuna anayemalizia kipande, kuna aliyeziba masikio, kuna anayenung'unika. Hapa ufuo mzima ulikuwa umesimama, watu wa kampuni tano tofauti na watu wasio na kampuni, wanaogombania samaki kila siku ya Mungu, na sikuona aliyewasimamisha. Sioni aibu kusema kwamba machozi yalinitoka kabla sijamfikia mtu yeyote wa kumlilia.

Ouma alikuja kunisalimia.

"Umekuja, Mama."

"Nimekuja. Nimetumwa."

"Najua umetumwa. Sema tu."

Nikasema yote, mpaka upande mwingine wa ghuba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kofia mkononi.

"Mama, wewe ni mkubwa wangu," akasema. "Ukiniambia nishone nyavu, nashona. Ukiniambia niende mpaka Mfangano, naenda, hata nikiwa na homa. Lakini hii hapana. Hii si kazi unaweza kunituma. Hata Bwana Okello hawezi, na yeye mwenyewe anajua."

"Watafunga zamu ya pili, Ouma."

"Dada yangu iko hiyo shifti," akasema. "Najua."

Nilienda pembeni nikampigia Okello simu. Nikamwambia hawatoki. "Lakini ni wafanyakazi wetu," akasema.

"Ni wafanyakazi wetu mpaka hapa tu."

"Hapa wapi?"

Nikatazama chini nikaona viatu vyangu viko pale maji yanapofika na kurudi. "Hapa niliposimama," nikamwambia. Akakata simu.

Ningeweza kurudi mjini. Nilienda nikaketi karibu na Mzee Okumu, baba yake Otieno, aliyekuwa juu ya boti iliyopinduliwa, mikono juu ya fimbo. Nilimpa pole. Aliitikia bila kugeuka.

"Umekuja kununua?"

"Hapana, Mzee. Leo hakuna mnunuzi."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema, si kama anayeomba, "Wamemtafuta na kasia. Injini zetu ni ndogo, zinachoka na mawimbi. Zenu ni kubwa."

Nikamgeukia Ouma. "Na kumtafuta je? Hiyo naweza kukutuma?"

"Hiyo hata usiponituma," akasema, na tayari alikuwa anakunja suruali.

Zile boti za buluu ziliingia majini bila wavu hata mmoja. Mafuta yalikuwa ya kampuni, na sikuwa na ruhusa ya kuyachoma kwa kazi ile, kwa hiyo nilimwandikia Okello ujumbe kwamba nayachoma. Ndani ya kila boti yetu walipanda watu wa boti nyingine, kwa sababu wao ndio waliojua Otieno alikuwa akivua wapi. Nilimwona ajenti wa washindani, mtu ambaye hatujawahi kusalimiana bila kutegeana, ameshika kamba mbele ya boti yetu akionyesha njia. Walimtafuta mpaka jua likashuka, na kesho yake wakaanza tena, mimi na Kariuki tukingoja pale pale na lori. Walimkuta kwenye mafunjo, mbali, ambako kasia isingefika.

Alipoletwa, wanawake walilia kama wanavyolia kwetu, na hilo sitalieleza. Kisha likaja swali la kumpeleka mjini, chumba cha maiti. Gari la kukodi lilikuwa halipatikani. Watu wakatazama lori. Kariuki naye alilitazama lori lake, na sanduku letu juu yake.

"Hiyo sanduku ni ya chakula, na ni ya kampuni," akasema. "Sitaigusa na maiti. Lakini magurudumu ni yangu."

Akatoa spana chini ya kiti. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, akazipiga kwa nyundo kidogo, zikaachia moja baada ya nyingine. Wanaume wakalibeba sanduku, Ouma upande mmoja na yule ajenti upande mwingine, wakaliweka mchangani taratibu, barafu ikiwa bado ndani. Mgongoni mwa lori wakatandika mikeka. Mzee Okumu akaketi mbele, kando ya Kariuki. Nilisimama nikiangalia lori likipanda kuelekea barabara ya Busia, limerudi kuwa lori la mtu wa Kondele tu, na sisi tumebaki na sanduku lisilo na miguu. Siku ile ya kwanza tulipokunywa soda, tuliziweka bolti kwa sababu ya ugomvi. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba zingefunguliwa kwa sababu hii.

Alfajiri ya pili yake ziwa lilikuwa wazi tena. Boti zote zilitoka. Nilingoja kando ya sanduku, nikitegemea zetu tu, na niliwaza kwamba zetu peke yake hazitoshi kulijaza kontena kwa siku zilizobaki. Zetu zikarudi. Nyuma yao zikaja boti nyingine, zikavutwa pale pale, na watu wakaanza kumimina mbuta kwenye sanduku letu. Yule ajenti alikuwa wa kwanza.

"Hawa samaki si wa wale wenzako?" nikamwuliza.

"Pima tu, Mama," akasema. "Lete bei ya leo, kama ya kila siku."

Labda ni kwa sababu lori la washindani lilikuwa limechelewa, na barafu iliyokuwepo ilikuwa yetu. Labda ni kingine. Nilitaka kumwuliza zaidi, nikaona si swali la kuuliza. Kariuki aliporudi tulilipandisha sanduku likiwa limejaa mpaka mfuniko haukufunga vizuri, akakaza bolti zake, na siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo.

Otieno alizikwa Jumamosi. Siku hiyo hiyo kontena lilitakiwa kuondoka kwenda Mombasa, na Okello alikuwa ameita zamu zote mbili pamoja, meza zote zimejaa, visu vinakwenda mbio. Mimi sikwenda mazishini. Nilikuwa mlango wa mapokezi nikishusha samaki wa mwisho. Okello hakuwa amenitajia mafuta, wala ile simu. Alikuwa ndani ya chumba cha kukatia, amevaa gambuti na kofia nyeupe kama sisi, anazunguka meza akiangalia saa.

Ilipokaribia saa ya kumshusha Otieno kaburini, nilimwona akienda kwenye kamba ya kengele. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiigusa, ilikuwa kamba ya Mama Penina. Nilidhani anataka kuwaharakisha. Kisha nikaona uso wake, nikaelewa kwamba anataka kuwasimamisha, yeye mwenye kontena, saa chache kabla lori halijaja kulivuta. Akainua mkono.

Meza ya kwanza ilikuwa imeshanyamaza. Mama Penina alikuwa ameweka kisu chini, amefuta mikono, amesimama wima juu ya magoti yale mabovu. Dada yake Ouma alikuwa kando yake. Kisha meza ya pili, na ya tatu, mpaka kule mwisho kwa wa kufunga maboksi, ambao kutoka pale hawakuweza kumwona Okello wala kamba. Mtu wa jiwe la kunolea alikuwa amesimama pembeni, jiwe mkononi. Tulisikia maji tu yakipita kwenye mfereji wa sakafuni. Okello aliushusha mkono wake, akavua kofia.

Hakuna aliyepiga kengele ya kuanza tena. Mama Penina aliinama akachukua kisu, akakinoa kidogo, na samaki wakaanza kupita. Kontena liliondoka kabla ya giza, na zamu ya pili bado ipo, mnaijua, baadhi yenu mko ndani yake.

Basi, kijana wangu, uliniuliza kampuni ni kitu gani. Nimekaa ndani yake maisha yangu yote ya kazi, na bado sina neno zuri la kukupa. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona: mkono wa mkurugenzi ukiwa hewani, haujagusa kamba, na visu vyote vimeshalala mezani.